Mabaki ya kitambaa si ya bure, tuache kuyauza kama ya bure

Leo naomba tuongee jambo ambalo najua litawaudhi baadhi yenu, hasa mafundi cherehani na sisi tunaouza mikoba, pochi na vitu vya vipande vya vitenge mtandaoni. Soma mpaka mwisho ndiyo unitukane.

Wiki iliyopita mteja kaja inboksi. Kaona picha ya mkoba niliouposti, ule wa vipande vya mraba. "Dada, bei gani?" Nikamwambia shilingi 7,000. Akajibu: "Elfu saba wakati ni mabaki tu? Si unaokota bure kwa fundi?"

Aisee, iliniuma. Lakini nilipotulia nikajiuliza, huyu mteja nani kamfundisha kwamba ni bure? Jibu ni sisi wenyewe. Pitia kurasa zetu uone. "Nimetumia vipande vya bure kabisa!" "Mtaji sifuri!" "Usitupe mabaki, tengeneza hela bila gharama!" Tunawatangazia watu wote kwamba tunachouza hakina thamani, halafu mteja akiomba punguzo tunanuna.

Msimamo wangu ni huu: mabaki ya kitambaa si ya bure. Yana mwenyewe, yanakula muda, na yanahitaji akili zaidi kuliko kitambaa kizima. Ukiyauza kama ya bure, mtu wa kwanza kuibiwa ni wewe.

Mimi niko Magamba, hapa Mpanda, mkoani Katavi. Nashonea nyumbani, cherehani ya kukanyaga, simu moja ndiyo duka langu. Sina elimu kubwa ya biashara. Nayoyasema hapa nimeyalipia ada kwa hasara zangu mwenyewe.

1. KIPANDE KINA MWENYEWE

Hili ndilo litakalowaudhi mafundi.

Nilipoanza, nilikuwa napita kwa fundi mmoja nachukua mabaki. Ananijazia kiroba, namshukuru, naondoka. Siku moja nikaposti pochi nzuri sana, kitenge cha bluu chenye maua ya njano. Haikupita saa moja, mama mmoja akaweka komenti: "Hiki kitambaa ni changu."

Nikadhani utani. Akaja inboksi. Kumbe ilikuwa sare ya harusi ya mwanawe. Alipeleka kitenge cha yadi 6 kwa fundi, akaambiwa hakitoshi, ndiyo maana gauni lake lilitoka bila kilemba na mikono ikawa mifupi. Alisherehekea harusi ya mwanawe akiwa amejinunia. Leo anakikuta kitambaa chake kinauzwa kwenye simu, tena kipande kikubwa tu, kimetoa pochi tatu.

Nilimpelekea zile pochi zote, sikuchukua hata mia. Nikafuta posti. Lakini komenti ile watu walishaiona. Miezi miwili mizima nikiposti kitu, mtu anauliza kwa utani, "Hicho nacho cha nani?" Utani wa namna hiyo unaua biashara polepole.

Najua mafundi mtasema nini, maana nimeshaambiwa uso kwa uso: "Kazi yenyewe tunalipwa kidogo, mabaki ndiyo nyongeza yetu." Nawaelewa. Ni kweli kabisa kwamba fundi analipwa kidogo kuliko kazi anayofanya. Lakini dawa ya kulipwa kidogo ni kupandisha bei ya kushona mchana kweupe. Kujilipa gizani kwa kitambaa cha mteja si dawa. Mteja akishajua, na siku hizi na hizi simu atajua tu, hakuamini wewe wala mimi niliyenunua kwako.

Sasa hivi nafanya hivi, na nashauri kila anayeshona vipande afanye hivi:

Kwanza, fundi anamuuliza mteja siku ile ile ya kupima: "Mabaki utachukua au utaniachia?" Sentensi moja tu. Wengi wanaacha, hawana shida nayo. Lakini wameulizwa.

Pili, kipande kikubwa kinachotosha kilemba au kaptula ya mtoto kinarudi kwa mwenyewe, hata kama hakukidai.

Tatu, mimi nanunua. Kiroba kimoja cha vipande namlipa fundi shilingi 3,000. Si hela nyingi, lakini imeondoa ile hali ya "nisaidie na mimi". Sasa ananichagulia vipande vizuri, anatenga vya pamba na vile vya kuvutika, kwa sababu anajua nalipa.

Umeona? Gharama ya kwanza hiyo imeshaingia. Bure iko wapi?

2. MUDA WAKO UNAUZA KIASI GANI?

Twende kwenye hesabu. Wengi hatupendi hesabu, ndiyo maana tunachoka bila kujua tumechokea nini.

Mkoba wangu una vipande 16 kila upande, jumla 32. Nakata kwa kutumia kipimo cha katoni, sentimita 12 kwa 12. Nikishaunganisha na kuacha sentimita moja kila pembeni kwa ajili ya mshono, kila kipande kinabaki sentimita 10. Mkoba unatoka karibu sentimita 40 kwa 40. Kutoka kuchambua vipande, kupiga pasi, kukata, kuunga, kuweka bitana mpaka mikanda ya kubebea, inanichukua saa 2.

Vitu ninavyonunua kwa mkoba mmoja, ukijumlisha bitana, uzi, mikanda, sehemu ya kile kiroba cha vipande, mkaa wa pasi na karatasi ya kufungia, ni kama shilingi 1,900.

Zamani niliuza mkoba huo shilingi 3,000. Nilikuwa naona nimepata faida, si nilipata vipande bure bwana! Toa 1,900, inabaki 1,100. Gawa kwa saa 2. Shilingi 550 kwa saa. Nenda kamwambie mtu yeyote hapa Magamba akupalilie shamba la mahindi kwa shilingi 550 kwa saa, uone atakavyokutazama. Mimi nilikuwa najifanyia hivyo mwenyewe, tena nikiwa nimeinama kwenye cherehani usiku.

Sasa hesabu yangu iko hivi:

Vitu vya kununua: 1,900
Muda, saa 2 kwa 2,000: 4,000
Akiba ya hasara (mshono kuharibika, mkoba kukaa bila kununuliwa): 600
Jumla: 6,500

Nauza 7,000, mteja akilia sana nampunguzia 500, na sijaumia. Hiyo ndiyo maana ya kujua bei yako. Mtu akikuuliza "mwisho ngapi?" unajibu kwa hesabu, hujibu kwa woga.

Najua kuna atakayesema, "Huko kwenu watu hawana hela ya kununua mkoba wa elfu saba." Ni kweli, huku hela inafuata msimu. Mavuno yakiuzwa watu wananunua, miezi ya kulima wananyamaza. Lakini kushusha bei ya kitu kigumu siyo suluhisho. Tengeneza kitu chepesi.

Mfano, vibanio vya nywele vya kitambaa na lastiki. Vinatumia vile vipande vyembamba visivyofaa mkoba. Nikikata vingi kwa pamoja, natengeneza 8 kwa saa. Nauza shilingi 500 kimoja, inakuwa 4,000. Lastiki na uzi ni kama 100 kila kimoja, yaani 800. Inabaki 3,200 kwa saa. Kwa hiyo kibanio cha mia tano kinanilipa zaidi ya mara tano ya ule mkoba wa elfu tatu! Bei ndogo si tatizo. Tatizo ni bei ndogo kwenye kazi ndefu.

3. HII AIBU YA "VIRAKA"

Kuna kitu kingine kinashusha bei zetu, nacho ni aibu. Kwa Kiswahili ukisema "nguo ya viraka" mtu anaona umaskini. Wazazi wetu wanaokumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipokuwa adimu madukani na kupata kitambaa ilikuwa kazi, wanajua kiraka ni nini. Mtu alishona kiraka kwa sababu hakuwa na namna. Siwalaumu wakiona mkoba wa vipande wakauliza, "Mwanangu, mmekosa kitambaa?"

Lakini tukumbuke na upande wa pili. Hii kanga tunayoiheshimu, tunayofungia watoto mgongoni na kuipeleka kwenye misiba na harusi, inasimuliwa kwamba ilianza kwa kuunga vipande. Karne ya 19 wanawake wa Pwani, Zanzibar na Mombasa, walinunua leso zilizochapwa, zinauzwa zikiwa zimeungana kwenye jora. Badala ya kuzitenganisha moja moja, wakakata kipande cha leso tatu na kingine cha leso tatu, wakavishona pamoja, likatoka vazi moja. Wafanyabiashara walipoona wanawake wanapenda ndipo kanga nzima nzima zikaanza kuchapwa. Mpaka leo kuna watu wanaiita kanga "leso". Hakuna anayeona aibu.

Na huko Marekani kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend, jimbo la Alabama. Wanawake weusi wa pale, wazao wa watumwa, walishona mablanketi ya vipande kwa kutumia nguo za kazi zilizochakaa, jinzi, mashati, magunia, ili watoto wasipigwe baridi. Mwaka 2002 yale mablanketi yakaonyeshwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa Houston, na mwaka 2006 yakawekwa kwenye stempu za posta za nchi nzima. Kitambaa ni kile kile kilichochakaa. Kilichobadilika ni macho ya mtazamaji.

Sisemi kesho mkoba wako utaingia makumbusho. Nasema acha kuandika posti kama unaomba radhi. Usiandike "ni mabaki tu jamani, msinicheke". Andika: "Mkoba wa vipande 32 vya vitenge, bitana imara, unabeba kilo tano za unga, hakuna mwingine unaofanana nao." Yote ni kweli. Ila jaribu kweli kuubebesha hizo kilo tano kabla hujaandika.

4. NINI USHONE, NINI USISHONE

Tangu Serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, tarehe 1 Juni 2019, mfuko wa kwenda nao sokoni umekuwa kitu cha kila siku. Huo ndio mlango wetu. Hata kiroba cha unga au mchele kikioshwa vizuri, ukakivalisha kitenge kwa nje, kinatoa mfuko mgumu usiochanika.

Suruali za jinzi zilizochakaa magoti usitupe. Miguu ya suruali inatoa aproni na mifuko ya vifaa vya mafundi, na mifuko ya nyuma inabaki kama mifuko ya simu. Taulo kuukuu ndani na kitenge nje unapata vishikio vya sufuria. Pazia kuukuu ni bitana nzuri tu.

Lakini bidhaa ninayoipenda kuliko zote ni kapu la kutunzia joto, wengine wanaliita jiko kapu. Unachukua kikapu cha kawaida, unakishonea ndani mto mnene uliojazwa vipande vidogo vidogo, na mto mwingine wa kufunika juu. Maharage yaliyolowekwa usiku yachemke kwanza kwa nguvu jikoni, yatokote kweli kweli kama dakika 20 hivi, halafu sufuria ikiwa inachemka na mfuniko wake inaingia kwenye kapu. Yanaendelea kuiva kwa joto lake mwenyewe saa kadhaa bila mkaa. Yakitoka, yachemshe tena kidogo kabla ya kula. Bidhaa hii inajiuza kwa sababu unamwonyesha mteja mkaa aliookoa. Tena wakati huu ambapo nchi ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania, watu wamechangamka kuongelea mambo ya jiko. Na kapu linakula vile vipande vidogo ambavyo hata kibanio havitoi.

Sasa vya kuacha. Hapa nitakuwa mkali.

Usitumie chandarua cha zamani kutengeneza mifuko ya mboga au matunda. Vyandarua vingi tunavyogawiwa vina dawa ya kuua mbu. Dawa hiyo haitakiwi kwenye mchicha wa mtu.

Usishone taulo za kike za kufua kwa kubahatisha na kuziuza. Najua uhitaji upo, najua ni bidhaa nzuri. Lakini ile ni afya ya mtu. Nenda kajifunze kwanza kwa wanaojua, kitambaa gani, tabaka ngapi, zinafuliwa na kuanikwaje. Kipande cha sakafuni kwa fundi siyo mahali pa kuanzia.

Usichanganye kitambaa cha pamba na kile cha kuvutika kwenye mkoba mmoja. Ukifua mara moja tu, mmoja unavuta huku mwingine unavuta kule, mkoba unakunjamana. Kama hujui kipande ni cha nini, choma uzi wake mdogo. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Kile cha viwandani kinayeyuka na kuacha punje ngumu.

Na fua vipande kabla ya kushona! Kitenge chekundu kinachotoa rangi kimewahi kuniharibia mikoba minne kwa mpigo. Loweka, fua, mpaka maji yatoke meupe. Kikikataa, kiweke kwenye kujazia mto, tena mto wenye kitambaa kizito.

5. KUUZA MTANDAONI KITU KISICHOJIRUDIA

Hapa ndipo nilipopigwa tena. Mteja wa mkoa mwingine alipenda mkoba, akaagiza 30 wa zawadi kwa wageni wa shughuli yake. "Kama huu kwenye picha." Nikafurahi, nikapokea hela ya kuanzia. Ninashona, nafika mkoba wa saba, vile vitenge vimeisha. Nikazunguka Mpanda mjini nzima. Mikoba mingine ikatoka na rangi tofauti. Alipopokea akasema hivi sivyo nilivyoagiza, na alikuwa sahihi. Nikarudisha nusu ya hela.

Nilichojifunza, kipande hakina pacha. Kwa hiyo:

Posti moja, mkoba mmoja, namba moja. Umeuzwa, andika UMEUZWA, weka mwingine.

Oda kubwa usikatae, ila mwambie mteja mapema kinachofanana na kisichofanana. Mimi nasema: "Ukubwa, bitana na mikanda vitakuwa sawa mikoba yote. Vitenge vitatofautiana, kila mgeni atapata wake." Nashangaa, wengi wanapenda zaidi hivyo.

Piga picha mchana, nje, karibu na ukuta usio na mambo mengi. Weka picha ya nje, ya ndani, na moja ukiwa umeubeba, mtu aone ukubwa. Andika vipimo kwa sentimita.

Nauli ya basi na hela ya kutolea iseme mwanzoni. Sisi wa Katavi tuko mbali na wateja wengi wa mijini, nauli ya kifurushi kimoja inaweza kula ladha yote ya biashara. Nawaomba wateja wawili watatu wa mji mmoja wasubiriane, naunganisha mzigo.

KWA KUMALIZIA

Sisemi kila mtu auze elfu saba. Wewe uliye mjini unalipa chumba, bei yako ni nyingine. Wewe unayejifunza, mishono yako bado inapinda, anza chini. Lakini anza kwa hesabu, na anza kwa kipande ulichokipata kwa haki.

Yule mteja wa inboksi nilimjibu hivi: "Dada, vipande nimenunua, nimevifua, nimevikata 32, nimekaa saa mbili kwenye cherehani. Ukiona 7,000 ni nyingi, ninavyo vibanio vya mia tano, ni vizuri na vyenyewe." Akakaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akanunua vibanio vinne. Mkoba bado hajanunua, na sijashusha bei.

Haya, na nyie niambieni. Fundi wako huwa anakuuliza kuhusu mabaki, au anakaa kimya? Na wewe unayeshona vipande, saa moja yako inakulipa kiasi gani? Piga hesabu usiku wa leo, halafu njoo uandike hapo chini. Usiogope kama ni 550. Mimi nilianzia hapo.